Armin Hary: 10.0, 10.25 au 10.32? Na dhahabu ya vijiti Roma 1960 ni ya halali au ya kuokota?

MdauWaMbioFupi:

Wakuu, salaam. Natafuta wa kuninyooshea takwimu za Armin Hary, yule Mjerumani wa mita 100 Roma 1960. Nilizo na uhakika nazo ni hizi: kazaliwa 22 Machi 1937 Quierschied, Saarland, bingwa wa Ulaya wa mita 100 na wa vijiti 4x100 Stockholm 1958, dhahabu mbili za Olimpiki Roma 1960, za mbio hizohizo. Baada ya hapo kila kitu kinateleza:

1. Rekodi yake ya dunia ya 21 Juni 1960 Zürich kuna mahali imeandikwa 10.0 na kuna mahali 10.25. Muda wa fainali ya Roma nao una sura mbili, 10.2 na 10.32. Niandike upi?
2. Inasemekana alikimbia 10.0 mara tatu, lakini rekodi inayotambuliwa ni moja tu. Zile mbili zilienda wapi?
3. Wapinzani walimwita mwizi wa mwanzo. Kuna kitu cha kiufundi hapo au ni wivu tu?
4. Fainali ya vijiti Marekani walifika mbele wakaondolewa. Je, dhahabu ya Wajerumani ni ya kuokota?

Anayejua kimoja ajibu kimoja, si lazima vyote.

---

SaaNaUpepo:

Mkuu, anza na saa. Ukiielewa hiyo, swali la 1 linajifuta na la 2 linabaki nusu.

Mwaka 1960 muda rasmi ulikuwa wa saa za mkono. Wapima muda watatu wanakaa sambamba na mstari wa kumalizia, kila mmoja na saa yake inayosoma sehemu ya kumi ya sekunde. Wawili wakilingana, muda wao ndio unaoandikwa. Wote watatu wakipishana, unachukuliwa ule wa katikati. Kila mmoja anatakiwa abonyeze anapoona moshi au mwako wa bastola, asisubiri mlio. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo anayesubiri mlio akiwa mita 100 mbali anachelewa karibu sekunde 0.3, na mkimbiaji anaondoka na rekodi ya bure.

Hata anayefuata moshi anachelewa kidogo, maana kati ya jicho na kidole kuna safari. Mwishoni hachelewi kwa kiasi kilekile: anamwona mkimbiaji akija tangu mbali, kidole kinajiandaa, na kifua kikigusa mstari saa inasimama papo hapo. Ukichelewa kuiwasha na ukawahi kuizima, muda unaosomeka ni mfupi kuliko uliokimbiwa. Ndiyo sababu shirikisho la kimataifa lilichagua 0.24 kuwa nyongeza ya kulinganishia saa ya mkono na saa ya umeme kwenye mita 100 na 200.

Sasa tazama namba zako. Zürich: mkono 10.0, umeme 10.25. Tofauti 0.25, karibu kabisa na ile nyongeza. Roma: mkono 10.2, umeme 10.32. Tofauti 0.12 tu. Mkimbiaji ni yuleyule, majira ni yaleyale, waliobadilika ni wenye saa. Kwa saa za mkono Zürich ilikuwa bora kuliko Roma kwa 0.2, kwa umeme ilikuwa bora kwa 0.07. Watu wengi wanaoandika kwamba Hary "alishuka kiwango" kufikia fainali wanahukumu vidole vya wapima muda.

Kwa hiyo andika hivi: rekodi ya dunia 10.0 kwa saa ya mkono, na muda wa umeme usio rasmi 10.25. Usichanganye kwenye jedwali moja bila alama. Tangu 1 Januari 1977 rekodi za dunia za mbio fupi zinakubaliwa kwa saa ya umeme pekee, ndiyo maana orodha za kisasa zinamweka kwa 10.25. Ukimlinganisha na Owen Ansah, Mjerumani wa kwanza kushuka chini ya sekunde 10 (9.99, Braunschweig, Juni 2024), tumia 10.25. Ukimlinganisha na Harry Jerome wa Canada, aliyeifikia rekodi yake Saskatoon 15 Julai 1960, tumia 10.0, maana wote wawili walipimwa kwa mkono. Rekodi hiyo haikuvunjwa mpaka Juni 1968, Jim Hines alipopimwa 9.9 pale Sacramento.

Kuhusu hizo 10.0 tatu.

Ya kwanza ni Friedrichshafen, 6 Septemba 1958. Rekodi ya wakati huo ilikuwa 10.1, iliyowekwa kwanza na Willie Williams wa Marekani pale Berlin 1956. Njia ya Friedrichshafen ilipopimwa ikaonekana inashuka kupita kiasi. Kanuni inaruhusu mteremko wa 1 kwa 1000 kuelekea mwisho, yaani sentimita 10 kwa mita 100. Pale palizidi kwa takriban sentimita 1. Rekodi ikakataliwa.

Hiyo sentimita ilimsaidia? Piga hesabu. Kushuka sentimita 11 kunampa mkimbiaji kama jouli 1.1 kwa kila kilo ya mwili wake. Akiwa kwenye kasi ya mita 10 kwa sekunde, tayari amebeba jouli 50 kwa kilo. Ile sentimita iliyozidi peke yake ni jouli 0.1. Saa ya sehemu za kumi haiwezi kuiona kabisa. Ila mwamuzi hapimi faida, anapima njia, na kikomo kikishawekwa hakuna kujadiliana na sentimita.

Ya pili na ya tatu zote ni Zürich, uwanja wa Letzigrund, jioni ileile. Mbio za kwanza alipimwa 10.0, lakini ukazuka ubishi kwamba alitoka kabla ya bastola na mwanzishaji hakupiga risasi ya kuwarudisha. Mbio zikafutwa. Hary akaomba zirudiwe, na kanuni iliruhusu mradi wakimbiaji wasipungue watatu. Wakapatikana wawili wa kumsindikiza, wakaingia njiani baada ya takriban nusu saa, na saa zikasoma 10.0 tena. Hiyo ndiyo iliyoingia vitabuni.

Anayejua mbio fupi atakwambia kurudia mita 100 za nguvu zote ndani ya nusu saa ni jambo la ajabu kuliko rekodi yenyewe. Pumzi inarudi mapema, hilo si tatizo. Kinachochelewa ni misuli na mishipa ya fahamu, na paja la nyuma ndilo linalolipa deni la haraka namna hiyo.

---

BlokuNaMsumari:

Nachukua la 3.

Jibu fupi: kulikuwa na ufundi wa kweli, na kulikuwa na kanuni legevu iliyoupa nafasi. Ukitaja kimoja ukaacha kingine utamwonea Hary au utawaonea wapinzani wake.

Kanuni kwanza. Wakati ule kila mkimbiaji alikuwa na nafasi yake ya kukosea: ukitoka mapema mara ya kwanza unaonywa, mara ya pili unatolewa. Hakukuwa na kipimo cha umeme kwenye bloku, yaani vile vibao vya kukanyagia wakati wa kuondoka. Mwanzishaji alitegemea macho yake, na macho hayawezi kutofautisha aliyeondoka sekunde 0.05 baada ya mlio na aliyeondoka sekunde 0.13 baada yake. Leo bloku zina kihisi kinachopima msukumo wa mguu, na anayesukuma kabla ya sekunde 0.100 kupita anahesabiwa ametoka kabla, hata kama kwa macho alisubiri. Mwaka 2003 onyo la kwanza likafanywa la wote: mmoja akikosea, anayefuata kukosea, awe nani, yuko nje. Tangu 2010 hakuna onyo kwenye mita 100. Ukikosea mara moja unafungasha.

Hary aliingia fainali ya Roma akapata onyo. Kwa kanuni za leo asingemaliza hata hatua moja. Kwa kanuni za siku ile alikuwa halali kabisa, na jambo ambalo watu hulisahau ni kwamba mwanzo uliohesabiwa aliufanya akijua kosa moja zaidi linamtoa. Aliyebanwa hivyo habahatishi, husubiri. Bado akatoka mbele. Dave Sime wa Marekani alimkaribia mwishoni, akajirusha mstarini mpaka akaanguka, wote wawili wakapimwa 10.2. Umeme ukaonyesha 10.32 kwa 10.35. Peter Radford wa Uingereza akawa wa tatu kwa 10.42. Ukiangalia tofauti hiyo ya 0.03, utaona mbio zile ziliamuliwa ndani ya hatua chache za kwanza. Katika mita 30 za mwisho Sime ndiye aliyekuwa na kasi.

Sasa ufundi. Mwanzo una sehemu tatu na wengi huzichanganya.

Ya kwanza ni kuitikia mlio. Kwa wakimbiaji wa juu ni kama sekunde 0.12 hadi 0.16. Hapa mazoezi hayaongezi mengi. Kinachopotea hupotea kwa kusikiliza vibaya. Na kuna suala la umbali: njia ina upana wa mita 1.22, kwa hiyo kati ya njia ya 1 na ya 8 kuna kama mita 8.5, ambazo sauti inazichukua sekunde 0.025. Mwanzishaji akisimama pembeni, wa mbali anaibiwa. Ndiyo maana siku hizi kila bloku ina spika nyuma yake.

Ya pili ni kusoma mdundo wa mwanzishaji. Baada ya amri ya "tayari" (kwa Kijerumani ni "fertig"), wanzishaji wengine hupiga bastola baada ya muda uleule kila mara. Mkimbiaji anayewatazama kwenye raundi za awali anaweza kuuhesabu. Hili ndilo hasa Hary alilotuhumiwa nalo. Dawa yake iko mikononi mwa mwanzishaji: asubiri mpaka wote wametulia, na abadilishe muda wa kusubiri kila mwanzo. Mwanzishaji mwenye mdundo wa saa ya ukutani anaibiwa kihalali.

Ya tatu, na ndiyo kubwa, ni kinachofanyika baada ya mguu kuondoka. Mtu anaweza kuitikia wa kwanza akapitwa ndani ya mita 5. Vipimo vya kuanzia kwa mkimbiaji wa kawaida ni hivi: bloku ya mbele nyayo 2 kutoka kwenye mstari, ya nyuma nyayo 3. Kwenye "tayari" goti la mbele lipinde kama nyuzi 90, la nyuma 120 hadi 130, nyonga zipande juu kidogo ya mabega, na mabega yawe juu ya mstari au mbele yake kidogo. Makosa yanayojirudia:

Nyonga zikipanda mno, magoti yananyooka mapema na hakuna cha kusukumia. Zikibaki chini, mtu anasimama badala ya kuondoka. Uzito ukilala wote mikononi, mtu anaanguka mbele na hatua ya pili inakuwa ya kujiokoa. Kichwa kikiinuka kutafuta mstari wa mwisho, mgongo unafuata, na kifua kinakuwa wima kabla ya hatua ya nne. Na lile la kila siku, hatua ya kwanza ndefu: mguu unatua mbele ya nyonga na kufunga breki. Hatua ya kwanza itue chini ya mwili au nyuma yake, fupi na ya haraka. Sifa ya Hary ilikuwa hapo, kwenye hatua za mwanzo za haraka zisizopoteza muda hewani. Mtazame kwenye filamu za Roma: hadi mita 10 wengine bado wanajisukuma kutoka kwenye bloku, yeye tayari anakimbia.

---

MdauWaMbioFupi:

Asanteni sana. BlokuNaMsumari, hapo umenifungua swali jingine: kama silaha yake ilikuwa mwanzo, kwa nini kwenye vijiti alikimbia wa pili na si wa kwanza, mahali pekee penye bloku?

---

KijitiMkononi:

Hilo ni swali zuri kuliko yale manne. Naunganisha na la 4.

Mpangilio wa Ujerumani Roma ulikuwa Bernd Cullmann, Armin Hary, Walter Mahlendorf, Martin Lauer. Lauer ndiye yule wa viunzi aliyeweka rekodi ya dunia ya 13.2 kwenye mita 110 viunzi mwaka 1959, hivyo mtu wa kumalizia hakuwa mgeni wa mbio kubwa. Marekani walikuwa Frank Budd, Ray Norton, Stone Johnson na Dave Sime. Kwa hiyo kwenye mkondo wa pili Hary alikutana na Norton.

Mkondo wa pili ni ule wa upande wa nyuma, mnyoofu. Anayeukimbia anahusika na mabadilishano mawili, kupokea na kutoa, na kwa kuwa anaanza kuongeza kasi kabla ya kijiti kumfikia, anakimbia zaidi ya mita 100. Wa kwanza anahusika na badilishano moja tu na anakimbia kona yote. Sasa mtu mwenye uwezo wa kupanda kasi haraka kuliko wote umweke wapi? Ukimweka kwenye bloku unapata faida ya mwanzo mara moja, kisha anamaliza kona akiwa anachoka. Ukimweka wa pili, uwezo uleule wa kupanda kasi unatumika ndani ya eneo la kubadilishana, mahali ambapo timu nyingi hupoteza muda mwingi. Anayepokea akiwa na kasi kubwa mapema, kijiti hakipunguzi mwendo. Kwa maoni yangu uamuzi ulikuwa sahihi, ingawa una hatari yake: mwenye mwanzo mkali ndiye mwepesi wa kumkimbia anayemletea.

Na hapo ndipo Norton aliponaswa. Alitoka mapema, Budd hakumfikia, kijiti kikapokewa nje ya eneo. Marekani wakamaliza kwa 39.4, muda ambao ungekuwa rekodi ya dunia, na wakaondolewa. Ujerumani walikuwa na 39.5.

Watu wanaona "alitoka mapema kidogo" ni jambo dogo. Si dogo, na sababu iko kwenye hesabu. Kasi za wawili hawa wakati wa kubadilishana hukaribiana. Tuseme anayeleta anakuja kwa mita 9 kwa sekunde na anayepokea amefika mita 8 kwa sekunde. Pengo linaziba kwa mita 1 tu kila sekunde. Anayepokea akiondoka sekunde 0.1 kabla ya wakati, anaongeza pengo la takriban mita 0.9. Kuliziba kunahitaji karibu sekunde nzima, na ndani ya sekunde hiyo anayepokea amekwenda mita 8 mbele, akizidi kuongeza kasi. Kosa la sehemu moja ya kumi linasogeza badilishano mita 8. Kama mlipanga kukutana zikiwa zimebaki mita 5 za eneo, mmeshatoka nje.

Mwaka 1960 lilikuwa baya zaidi, maana eneo lilikuwa mita 20 tu na anayepokea alilazimika kuanzia ndani yake. Baadaye miaka hiyohiyo ya 1960 wakaruhusu mita 10 za kuanzia kabla ya eneo, na tangu msimu wa 2018 zote zimeunganishwa kuwa eneo moja la mita 30. Norton angekuwa na njia ya leo, huenda kijiti kingefika.

Jinsi ya kuweka alama ya kuondokea, kwa anayetaka kujua kinachokosewa. Pima kasi ya anayeleta katika mita 20 za mwisho za mkondo wake akiwa amechoka. Ya mazoezini akiwa mbichi itakudanganya. Pima sekunde anazotumia anayepokea kutoka alama inapoguswa hadi afike mahali mnapotaka kukutania. Zidisha kasi kwa muda huo, kisha toa umbali wa mahali pa kukutania uliopunguzwa mita 1 ya mikono iliyonyooshwa. Mfano: anayeleta mita 9 kwa sekunde, anayepokea anahitaji sekunde 3.3 kufika mita 22. Tisa mara 3.3 ni mita 29.7, toa 21, alama iwekwe mita 8.7 nyuma ya anayepokea, yaani nyayo 30 kwa mwenye wayo wa sentimita 29. Hiyo ni ya kuanzia. Ukikuta anayeleta anamkanyaga mwenzake, ongeza nyayo. Ukikuta hamfikii, punguza. Rekebisha nyayo 1 au 2 kwa wakati mmoja, na jaribuni kwa kasi kamili, maana alama ya mwendo wa nusu haisaidii chochote. Upepo wa mbele ukiwa mkali upande wa nyuma wa uwanja, mwenye mkondo wa pili aondoke mapema kidogo: Cullmann hatauona kwenye kona lakini Hary ataukuta usoni.

Kijiti chenyewe: wa kwanza anakishika mkono wa kulia ili akumbatie ukingo wa ndani wa kona, wa pili anapokea kwa kushoto akiwa upande wa nje wa njia yake, wa tatu kulia, wa nne kushoto. Hakihamishwi mkono. Anayekihamisha njiani anapoteza mpigo mmoja wa mkono na wakati mwingine anakiangusha.

Na kanuni inayowachanganya watazamaji: mwamuzi anaangalia kijiti, haangalii miguu. Miili yote miwili inaweza kuwa nje ya mstari na kijiti bado kikawa ndani, ikawa halali. Badilishano linaanza kijiti kinapoguswa na mpokeaji na linakamilika kinapokuwa mkononi mwake peke yake. Cha Norton kilikamilika nje.

Kuokota? Tazama 39.5. Rekodi ya dunia ilikuwa 39.5 kamili, ya Marekani Melbourne 1956, na Wajerumani Magharibi wenyewe waliifikia Köln Agosti 1958. Timu ya Roma iliifikia tena, na hiyo ni kazi ya vijiti vitatu vilivyopita ndani ya eneo. Umoja wa Kisovyeti waliopata fedha walikuwa na 40.1, Uingereza shaba kwa 40.2. Aliyeachwa nyuma ya Ujerumani aliachwa kwa sekunde 0.6. Ukiita hiyo ya kuokota, basi kila mwenye kufuata kanuni ni mwokotaji.

---

Kona_ya_Pili:

KijitiMkononi, nakubali hesabu, sikubali moja: kumweka Hary wa pili si lazima iwe ni kwa ajili ya kupanda kasi ndani ya eneo. Yeye alikuwa mtu wa njia iliyonyooka. Medali zake zote za mtu mmoja mmoja ni za mita 100. Roma mita 200 zilikwenda kwa Livio Berruti wa Italia na Hary hakuwemo kwenye hadithi hiyo. Mikondo minyoofu ni wa pili na wa nne, na wa nne alikuwapo Lauer. Kocha hakuwa na fumbo kubwa la kutegua.

---

KijitiMkononi:

Sawa, sababu yako ni rahisi kuliko yangu na pengine ndiyo ya kweli. Hazipingani lakini.

---

SaaNaUpepo:

Mdau, nyongeza za kukuepusha na wasahihishaji.

Roma usiandike "Ujerumani Magharibi". Ilikuwa Timu ya Pamoja ya Ujerumani, Mashariki na Magharibi, kama Melbourne 1956 na Tokyo 1964. Bendera yao Roma ilikuwa nyeusi, nyekundu na dhahabu yenye pete tano nyeupe katikati, na mshindi alipopanda jukwaani ulipigwa wimbo wa Furaha kutoka simfoni ya 9 ya Beethoven. Usiandike kwamba alisimama kwa wimbo wa taifa.

Saarland nayo ina mtego. Ilijiunga na Ujerumani Magharibi 1 Januari 1957. Kabla ya hapo ilikuwa chini ya ulinzi wa Ufaransa na ilikuwa na timu yake kwenye Olimpiki ya 1952. Hary alikuwa na miaka 19 mipaka ilipobadilika.

Ukitaja kwamba alikuwa wa kwanza asiye Mmarekani kushinda mita 100 za Olimpiki tangu Percy Williams wa Canada mwaka 1928, upo salama. Ray Norton alikuwa wa sita kwenye fainali ya mita 100, na wa sita tena kwenye 200, kabla ya lile la kijiti. Wiki ngumu kuliko hiyo sijui kama ipo.

---

MdauWaMbioFupi:

Nimeandika yote. La mwisho: kwa nini baada ya 1960 jina linapotea? Alikuwa na miaka 23 tu.

---

BlokuNaMsumari:

Mambo mawili yalifuatana. Mwishoni mwa 1960 alipata ajali ya gari iliyomuumiza goti. Wakati huohuo alikuwa kwenye mvutano na chama cha riadha cha Ujerumani Magharibi kuhusu madai ya gharama za safari, akafungiwa kwa muda. Mwaka 1961 akatangaza kuacha. Kumbuka ni enzi za ridhaa: mwanariadha hakuruhusiwa kupata senti kwa mbio zake, na risiti ya treni ingeweza kumfungia mtu bingwa wa Olimpiki. Ndiyo enzi ambayo fainali ya Roma alikimbia na Puma miguuni, kisha akapanda jukwaani na Adidas, kampuni mbili za ndugu wawili wa mji mmoja wa Herzogenaurach, na watu bado wanabishana juu ya viatu hivyo.

Goti lenyewe lingetosha. Kwa mkimbiaji anayemaliza kwa kasi, goti linaloshindwa kupinda vizuri humpunguzia kidogo. Kwa mtu ambaye kazi yake yote ni goti la mbele kwenye nyuzi 90 na msukumo mmoja wa kulipuka, hakuna pa kulificha.

Na jina la mtu wa tatu wa vijiti ni Mahlendorf, f moja mwishoni. Kuna mahali linaandikwa kwa mbili.